Kufungua Mikono, Bushi na Boljointi Zilizoganda kwenye Pikapu ya Zamani

Pikapu inayozungumziwa hapa ni Toyota Hilux ya mwishoni mwa miaka ya 1990, inayovuta kwa magurudumu yote manne, na ambayo mbele haina springi za kuviringa bali ina tosheni ba, yaani fito ndefu ya chuma inayobeba uzito wa gari kwa kujisokota. Nissan Hardbody, Isuzu TFR na Mitsubishi L200 za rika hilo zimejengwa kwa namna inayokaribiana nayo, hivyo mwenye mojawapo kati ya hizo hatapotea akifuata maelezo haya, ingawa atakuta tosheni ba imeshikizwa kwenye mkono wa chini au wa juu kutegemea gari lenyewe. Ninaposema mkono, nina maana ya kile ambacho mafundi wengi wa mjini huita ami: kipande cha chuma kinachounganisha chesisi na nako inayobeba gurudumu. Boljointi ndicho kiungo chenye tufe la chuma kinachofunga ncha ya mkono kwenye nako.

Mtu anapokutana na bolti iliyoganda, jambo la kwanza linalomjia ni kutafuta bomba refu zaidi la kuongezea spana au kumwita mtu mwenye mtungi wa gesi. Mimi naona swali la kuanza nalo ni lingine: ni uso upi wa chuma ulioshikana na uso upi? Kazi ya siku mbili inaweza kumalizika kwa saa tatu ukilijua jibu, na kazi ya saa tatu inaweza kukugharimu mkono mzima wa gari ukilikosea.

Mahali kutu inapojificha

Magari ya Dar es Salaam hupata chumvi kwa njia nyingi. Yapo yanayolala Kigamboni, Msasani au Kunduchi, ambako upepo wa bahari huacha unyevu wenye chumvi juu ya chuma kila usiku. Yapo yanayobeba samaki kutoka soko la Feri, na maji ya barafu iliyoyeyuka hutiririka kutoka kwenye matenga hadi kwenye chesisi. Na yapo yaliyopita kwenye maji ya Jangwani wakati wa masika, yakaondoka na tope lililokaa juu ya mikono ya mbele hadi kiangazi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokitafuna, kwa hiyo mwanya mdogo uliokuwapo kati ya bolti na tundu lake hujaa, hubanwa, na hatimaye vipande viwili huwa kama kimoja.

Kwenye mikono ya mbele, mahali panapoganda zaidi ya kwingine kote si kwenye nati. Bushi ya mkono ina sehemu tatu: kibomba cha chuma cha nje kinachokaa ndani ya mkono, raba katikati, na kibomba cha chuma cha ndani ambamo bolti hupita. Maji huingia kati ya bolti na kile kibomba cha ndani, hayana pa kutokea, na humo ndimo kutu hujenga. Niliwahi kuhangaika asubuhi nzima na bolti ya mkono wa chini ambayo nati yake ilikuwa imetoka bila taabu yoyote, nikiipiga kwa nyundo hadi kichwa cha nyuzi kikafunuka kama uyoga. Fundi mmoja mzee wa Gerezani alichungulia chini ya gari, akaweka spana kwenye kichwa cha bolti, akaizungusha kidogo, kisha akaiachia. Bolti ikarudi yenyewe mahali ilipokuwa. "Bwana mdogo," akaniambia, "unaona inavyorudi? Hiyo ni raba inaivuta. Nati haina kosa hapo."

Kipimo hicho ndicho ninachokitumia hadi leo. Bolti ikizunguka kidogo na kurudi kama iliyofungwa mpira, imeshikana na kibomba cha ndani cha bushi. Ikizunguka kwa ulaini bila kurudi lakini haitoki, huenda ukingo wa kibomba au wa mabano ya chesisi umeikwaruza, na inahitaji kusukumwa huku inazungushwa. Isipotikisika hata kidogo, na nati nayo haitikisiki, basi kutu iko kwenye nyuzi, na hapo mafuta na joto vina nafasi nzuri ya kukusaidia.

Siku tatu kabla ya kazi

Tafuta spea kwanza. Usianze kukata chochote kabla hujazishika mkononi bushi, boljointi, nati na hasa zile bolti za mkono wa chini zenye kamu, yaani kisahani chenye tundu lisilo katikati ambalo hutumika kurekebisha mkao wa gurudumu. Bushi utazipata dukani Ilala au Kariakoo siku yoyote ya kazi. Bolti ya kamu yenye urefu na unene unaofaa inaweza kukuzungusha mchana kutwa, na gari lako wakati huo limesimama juu ya stendi bila mguu. Chukua namba ya chesisi unapokwenda, kwa sababu Hilux za miaka inayofuatana hutofautiana kwa vitu vidogo ambavyo macho hayavioni dukani.

Kisha osha. Tope likiwa juu ya bolti, mafuta hayafiki popote. Sugua kila nyuzi inayoonekana kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, ndipo upake mafuta ya kupenya kutu. Mchanganyiko unaopendwa na mafundi wengi ni hidroliki ya gia za otomatiki na asetoni kwa vipimo sawa, na unafanya kazi vizuri, lakini asetoni huruka haraka na hushika moto haraka zaidi, kwa hiyo changanya kidogo unachotumia siku hiyo, mahali penye upepo, mbali na sigara na grenda. Dizeli husaidia kama huna kingine, ila ni nzito na hupenya polepole. Paka asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu, na kila unapopaka ugonge kichwa cha bolti mara kadhaa kwa nyundo ndogo, kwa kuwa mtikisiko hufungua nyufa ndogo ndani ya kutu na mafuta hufuata humo. Gari linaweza kuendelea kutembea siku hizo. Barabara zetu zenyewe zitafanya kazi ya kugonga.

Kuinua gari na kuondoa nguvu ya tosheni ba

Viwanja vingi vya mjini ni mchanga, na jeki hujizamisha mchangani bila kukuarifu. Weka ubao mnene na mpana chini ya kila jeki na kila stendi. Zuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi pande zote mbili. Gari lisikalie tofali kamwe, hata kama umeona likifanyika kila siku: tofali la saruji hupasuka ghafla pasipo kuonyesha dalili, na chuma kinachoshuka ni zaidi ya tani moja. Stendi zikae chini ya chesisi, nyuma ya mikono, ili mikono yenyewe ining'inie huru.

Kabla ya kuinua, pima urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi pande zote mbili, uandike. Baada ya kuinua, pima nyuzi zinazoonekana za bolti ya kurekebishia tosheni ba, ile iliyo nyuma chini ya chesisi, uandike pia. Chora alama ya rangi mahali fito inapoingia kwenye mkono na mahali inapoingia kwenye kishikizo chake cha nyuma. Fito ya kulia na ya kushoto hazibadilishani, kwa sababu kila moja imezoea kupindwa upande wake. Sasa legeza bolti ya kurekebishia taratibu, ukiwa umeipaka mafuta ya kutosha. Bolti hiyo imebeba nguvu kubwa, na ikikatika kishikizo huruka. Kwa hiyo kichwa na mikono yako visiwe chini yake hata kwa sekunde moja. Usipitishe moto karibu na fito yenyewe, maana chuma chake kimepikwa kiwandani ili kiwe springi, na joto kali hukiharibu bila alama unayoweza kuiona.

Ni baada tu ya nguvu hiyo kuisha ndipo boljointi na mikono vinaweza kuguswa.

Boljointi na tairodi

Hapa kinachoganda ni koni. Shina la boljointi limechongwa jembamba kuelekea nyuzi, nalo hukaa kwenye tundu la nako lenye umbo hilo hilo, likavutwa na nati hadi likabana. Halikushikwa na kutu peke yake, limebanwa kwa umbo lake, na ndiyo sababu mafuta hayasaidii sana. Kinachohitajika ni kulifanya tundu libadilike umbo kwa nukta ya sekunde.

Ng'oa spliti pini, yaani pini ya waya inayozuia nati isijifungue. Ikikatika, toboa masalia yake au uifungue nati kwa nguvu, kwani pini laini hukatwa na nati yenyewe. Legeza nati hadi ibaki imeshika nyuzi tatu au nne, lakini usiitoe, maana itazuia nako isianguke kwa kishindo koni itakapoachia. Kisha funga pula, yaani kifaa cha kuvutia, ulivute shina kwa nguvu ya wastani, na ugonge ubavu wa jicho la nako kwa nyundo ya kilo moja na nusu au mbili, huku nyundo nyingine nzito ikiwa imeegemezwa upande wa pili. Mapigo mawili au matatu ya uhakika yanafaa kuliko thelathini ya woga. Utasikia mlio wa kuachia, na nako itashuka hadi ikamatwe na ile nati.

Usipige ncha ya shina. Nyuzi hutanuka, nati haitoki tena, na umejiongezea kazi ya kukata. Uma wa chuma unaogongwa kati ya mkono na nako unafungua haraka, ila hupasua raba ya grisi, hivyo uutumie tu kwa boljointi unayoitupa. Nati ikizunguka pamoja na shina lake, weka jeki chini ya mkono wa chini, au bana kwa wenzo mrefu, ili koni ikae tena kwa nguvu tunduni. Shina litatulia na nati itafunguka.

Kwa tairodi, yaani fito ya usukani inayogeuza nako, kanuni ni ile ile, pamoja na angalizo moja: bomba la kurekebishia lina nyuzi za kawaida upande mmoja na za kinyume upande wa pili, na wengi wamekaza wakidhani wanalegeza. Hesabu mizunguko unapoifungua ncha ya tairodi ili mpya iingie kwa idadi hiyo hiyo. Na nako ikishaachia, ifunge kwa waya kwenye chesisi. Isiachwe ikaning'inia kwa paipu ya breki au kuvuta mhimili unaopeleka nguvu kwenye gurudumu.

Bolti za mkono, ambako subira hupimwa

Piga alama kwenye kamu na kwenye mabano ya chesisi kabla ya kugusa spana. Kwa magari ambayo mkono wa juu umefungwa na visahani vyembamba vya kupangia, kama Hardbody na TFR, hesabu visahani vya kila bolti na uvifunge kwa waya pamoja na jina la mahali vilipotoka.

Tumia soketi yenye pembe 6. Ile ya pembe 12 hugusa kona tu, na nati yenye kutu huviringika. Anza kwa kukaza kidogo, kiasi cha kusikia nyuzi zinakwaruza, ndipo ulegeze. Ikitoka nusu mzunguko, paka mafuta, rudisha, kisha endelea. Bomba la urefu wa mita moja juu ya spana, likisukumwa kwa nguvu ya kilo 30, linatoa nyutoni mita 300 hivi, na mtu mzima anaweza kusukuma zaidi ya hapo bila kujua. Ukihisi chuma kinakuwa laini mkononi, kana kwamba kinanyooka badala ya kuzunguka, acha mara moja, kwa sababu bolti inakaribia kukatika.

Joto ndilo linalofuata, na ni vizuri kujua kwa nini linafanya kazi. Tundu la milimita 14 likipashwa kwa nyuzi joto 300 zaidi hupanuka kwa takriban milimita 0.05, kiasi kidogo kinachotosha kupasua gundi ya kutu. Kwa hiyo pasha kinachozunguka, yaani nati, na bolti ibaki baridi kadiri inavyowezekana. Ukivipasha vyote viwili pamoja, vyote vitatanuka na hujapata kitu. Joto likishapungua kidogo, gusisha kipande cha mshumaa kwenye nyuzi. Nta huyeyuka na kuvutwa ndani. Kabla ya kuwasha moto, angalia paipu za breki na za dizeli zimepita wapi, ondoa mafuta yote ya kupenya uliyopaka, weka ndoo ya maji na mchanga karibu, na hakikisha hukupuliza pale dawa ya kusafishia breki yenye klorini, kwani ikipata moto hutoa gesi ya sumu kali.

Lakini kama kile kipimo cha kuzungusha na kuachia kilionyesha kwamba bolti imeshikana na kibomba cha ndani cha bushi, moto hautakusaidia sana: kibomba kimefichwa ndani ya raba, nawe utaunguza raba kwa nusu saa na kuvuta moshi mzito kabla joto halijafika panapotakiwa. Hapo mimi hukata, na hukata mapema. Bushi inatupwa, bolti inatupwa, hakuna unachokipoteza isipokuwa fahari ya kuitoa nzima. Nafasi kati ya ukingo wa bushi na mabano ya chesisi ni ndogo, kwa hivyo bapa la msumeno wa chuma, likiwa limefungwa kitambaa upande mmoja liwe mpini, hufika mahali ambapo grenda haifiki. Grenda ya inchi nne na nusu yenye jiwe la kukatia la milimita moja ni ya haraka zaidi mahali panapopitika, mradi uvae miwani, na uelekeze cheche mbali na tangi. Kata pande zote mbili za bushi. Mkono utadondoka ukiwa na kipande cha bolti ndani, na vichwa viwili vilivyobaki vitatoka kwenye mabano kwa kugongwa kidogo. Angalia tu usiyakate mabano, kwa sababu hayo ni sehemu ya chesisi, na kuyachomelea upya kwa usahihi si kazi ya uwanjani.

Mkono ukiwa mezani, toboa raba kwa kekee pande zote hadi kiini kitoke pamoja na kipande cha bolti. Kibaki kibomba cha nje. Pitisha bapa la msumeno ndani ya tundu, lifunge upya kwenye fremu yake, na ukate mstari mmoja kwa urefu wa kibomba, ukisimama pale unapohisi chuma kimeachia. Kisha kikunje kwa ndani kwa tindo nyembamba, nacho kitatoka kwa mkono. Kama una njia ya kufika kwenye gereji yenye presi, peleka mkono huko. Ni kazi ya dakika chache na gharama yake ni ndogo, nami sioni ushujaa wowote katika kugonga bushi mpya kwa nyundo hadi ikapinda.

Shokapu

Nati ya juu ya shokapu huzunguka pamoja na shina lake. Kamata sehemu bapa ya ncha ya shina kwa spana ndogo, au, ukiwa unaitupa, libane shina kwa vaisigripu, yaani koleo linalojifunga, bila huruma. Likikataa, likate. Usiipashe shokapu moto wala kuitoboa ikiwa bado kwenye gari, kwa sababu ndani kuna mafuta na mara nyingi gesi iliyobanwa, na chombo kilichofungwa kikipata joto hupasuka.

Kurudisha

Safisha kila tundu hadi ling'ae, na upake grisi kwenye mwili wote wa bolti, hasa sehemu itakayokaa ndani ya kibomba cha bushi, ambako kiwanda aghalabu hakikuweka chochote. Tundu la koni na shina lake, kinyume chake, liwe kavu na safi kabisa. Koni hushika kwa mkwaruzano, na grisi huifanya ibane kupita kiasi. Nati ya boljointi ikifikia kipimo chake lakini tundu la spliti pini halijakutana na pengo, kaza mbele kidogo hadi likutane, usirudishe nyuma. Spliti pini ziwe mpya zote.

Bolti za bushi za mkono ziingizwe na zishikishwe tu, zisikazwe gari likiwa hewani. Raba ya bushi hizi imegandishwa kwenye vibomba vyake kiwandani, na ukikaza mkono ukiwa umening'inia, raba itaishi imepindwa tangu siku ya kwanza na itachanika kabla ya mwaka. Rudisha bolti ya tosheni ba hadi nyuzi zifikie kipimo ulichoandika, shusha gari juu ya magurudumu yake, litikise mara kadhaa kwa kulisukuma chini, lisogeze mbele na nyuma mita chache, ukague urefu wa kila upande dhidi ya namba zako, urekebishe, ndipo ulale chini na kukaza bolti za mikono zikiwa katika mkao huo, kamu zikiwa kwenye alama zake.

Alama hizo zinakutosha kufika kwenye mashine ya alaimenti, yaani ya kupanga mkao wa magurudumu, kwa mwendo wa taratibu. Peleka gari baada ya siku mbili tatu za matumizi, baada ya kukagua tena nati zote na ule urefu wa mbele, kwa sababu bushi mpya na tosheni ba iliyolegezwa hujishusha kidogo, na alaimenti iliyofanywa kabla ya hapo italazimika kurudiwa.